Gunia moja kutoka Yanonge mpaka Kisangani: uchumi, kontabilite, jiografia na fizike ya shule ya sekondere

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kukariri mbele ya mwalimu, bila kukosa neno, kwamba kila kitu kilichotiwa ndani ya maji kinasukumwa kwenda juu na nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Kisha mwanafunzi huyo huyo anateremka bandarini Yanonge, anapanda balenyeri, ile mashua ndefu ya mbao, ambayo ukingo wake umebaki juu ya maji kwa upana wa kiganja tu, na hawazi hata kidogo juu ya Archimède. Kwake Archimède ni jina la kwenye ekzeta. Balenyeri ni mambo mengine.

Ekzeta, ndiyo ule mtihani wa Serkali unaofunga masomo ya sekondere, iko tangu mwaka 1967, na mtoto anatafuta asilimia 50 kusudi apate diploma. Maswali yako katika Kifaransa. Nyumbani watoto wa upande huu wanasema Kilokele, Lingala, Kiswahili. Neno kama «amortissement» linaingia darasani likiwa la Kifaransa, linaandikwa kwenye daftari, na linabaki humo. Wazazi nao wanalipa, juu masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Sekondere ingali inalipiwa. Na franga hizo mara nyingi zinatoka katika gunia la mchele, bido ya mafuta ya ngazi, ndizi ao makala, vitu vinavyopandishwa kwa mto mpaka sokoni Kisangani.

Basi gunia lile linalolipa shule lina masomo ndani yake. Tuchukue gunia la mchele na tulifuate njiani.

Mahali lilipo gunia

Yanonge iko katika teritware ya Isangi, jimbo la Tshopo, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Congo, karibu kilometa 60 kutoka Kisangani. Ukingo wa kushoto unawakosesha wanafunzi wengi, sababu wanatazama karatasi badala ya kutazama maji. Sheria ni moja: simama ukielekea kule maji yanakokwenda. Mkono wako wa kushoto ndio ukingo wa kushoto, hata kama kwenye karta uko chini. Lubunga nayo iko kushoto, peke yake kati ya komine za mji wa Kisangani. Makiso, Mangobo, Tshopo na zingine ziko ngambo. Yangambi iko kuume. Ndiyo maana mtu wa Yanonge anaweza kufika Lubunga kwa barabara, lakini akitaka soko kubwa la katikati ya mji lazima avuke maji, kwani hakuna daraja juu ya mto Congo pale Kisangani.

Karta ya kipimo 1/200,000 inasema kwamba sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 200,000 za udongo, maana yake kilometa 2. Kilometa 60 zinachukua sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Anayekumbuka rula hiyo hatasahau tena namna ya kusoma kipimo.

Juu ya Kisangani kuko maporomoko ya Boyoma, saba kwa jumla, yaliyotapakaa kwenye kilometa karibu 100 mpaka Ubundu. Hakuna boti inayoyapanda. Ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilometa 125 kati ya Kisangani na Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906. Ukiteremka, kinyume chake, maji ni wazi mpaka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1,700. Mji ulisimama pale boti zinapokwama. Jiografia inapouliza kwa nini mji fulani uko mahali fulani, jibu mara nyingi liko hapo: mahali mzigo unapolazimika kubadili chombo, watu wanajenga magala, wanauza chakula, wanatoza kodi.

Na kwa nini mto huu haukauki kama mito ya sehemu zingine? Unakata mstari wa ikweta mara mbili. Mvua inapopungua upande wa kusini, upande wa kaskazini uko ndani ya mvua, na kinyume chake. Maji yanapanda na kushuka kwa mwaka, lakini hayakatiki.

Yangambi wamepima mvua tangu wakati wa INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa mwaka 1933, ambalo leo ni INERA. Kwa mwaka ni milimita karibu 1,800. Milimita 1 ya mvua ni litri 1 kwa kila metre mraba. Nyumba yenye bati za metre 6 kwa 5 iko na metre mraba 30. Mara 1,800, ni litri 54,000 zinazoanguka juu ya bati hizo kila mwaka, sawa na fite 270 za litri 200. Wengi wa wenye bati hizo wanatuma watoto kuchota maji mtoni.

Jambo lingine ambalo msikilizaji wa redio analijua bila kulifikiri: Kinshasa ikitangaza saa sita ya mchana, huku ni saa saba. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake nyuzi 15 kwa saa. Kinshasa iko karibu na nyuzi 15 mashariki, Kisangani karibu na nyuzi 25. Tofauti ya nyuzi 10 ni dakika 40 za jua. Serkali haiwezi kuendesha nchi kwa dakika 40, basi ikakata mbili: magharibi saa moja mbele ya Greenwich, mashariki saa mbili. Bukavu, Goma, Bunia, Lubumbashi, wote wako pamoja na Kisangani.

Bei ya gunia

Bei zinazofuata ni za mfano tu, kusudi hesabu iwe nyepesi. Gunia linanunuliwa Yanonge franga 60,000 na linauzwa Kisangani 80,000. Mtu anayesimama bandarini bila kufanya biashara hiyo anasema: mama huyu anakula 20,000 kwa kila gunia. Hapana. Bei ya mjini ni bei ya kijijini, na usafiri juu yake, na wabebaji, na kodi, na hatari ya njiani, kisha ndipo faida.

Uchumi wa darasani unafundisha mistari miwili inayokatana: wauzaji wanaleta kitu kingi zaidi bei ikipanda, wanunuzi wanachukua kitu kingi zaidi bei ikishuka, na pale mistari inapokatana ndiyo bei ya soko. Kitabu kinaita hayo «offre» na «demande». Wanafunzi wanachora mistari hiyo vizuri sana. Kile wanachosahau ni kwamba kuko masoko mawili katika safari hii, moja la Yanonge na moja la Kisangani, na kati yao kuko mto.

Tuseme esanse imepanda, ao barabara imekatika na wenye balenyeri wanajua kwamba hakuna njia ingine. Usafiri wa gunia unatoka 5,000 unafika 12,000. Ni nani analipa zile 7,000? Mwanafunzi anajibu haraka: mnunuzi wa mjini. Hapo anakosa. Mnunuzi wa mjini, mchele ukipanda sana, anarudia lituma ao muhogo. Basi bei ya Kisangani haiwezi kupanda 7,000 yote. Pengine inapanda 3,000. Mfanyabiashara mwenyewe anapoteza 1,000. Zinazobaki, 3,000, anazitoa kwa mkulima: anafika Yanonge anasema, leo nanunua 57,000. Kwa siku moja bei imepanda mjini na imeshuka kijijini, na hakuna aliyemuibia mwenzake. Njia ndiyo imekula.

Mzigo kama huo unaangukia zaidi yule asiye na njia ya kukimbia. Vitabu vinaita jambo hilo «élasticité», uwezo wa kujivuta na kurudi nyuma bei inapobadilika. Mkulima anayetafuta franga za kuandikisha mtoto mwezi wa tisa hawezi kungoja mwezi wa kumi na mbili. Mlanguzi mwenye gala anaweza. Hiyo ndiyo maana ya kweli ya neno lile, na ni vigumu kuiona katika mistari ya ubaoni.

Gunia ndani ya maji

Sasa tupakie. Kwanza tutofautishe vitu viwili ambavyo soko linachanganya kila siku: kilo na uzito. Gunia la kilo 80 lina kilo 80 hapa, Goma, hata kwenye mwezi. Uzito ni nguvu ambayo dunia inalivuta nayo, na unapimwa kwa nyutoni: 80 mara 9.8, karibu nyutoni 780. Mbebaji hapigani na kilo, anapigana na nyutoni. Lakini muuzaji yeyote atakayesema «nipe nyutoni 780 za mchele» atachekwa, na wanaomcheka wako na haki.

Tuchukue balenyeri yenye urefu wa metre 12 na upana wa metre 2, na tuifikirie kama sanduku kusudi hesabu ikubali. Ikizama sentimita 1, inahamisha maji ya 12 × 2 × 0.01, sawa na metre kibiki 0.24, maana yake litri 240. Litri moja ya maji ya mto ni kama kilo moja. Basi kila kilo 240 zinazopakiwa zinashusha balenyeri sentimita 1. Magunia matatu ya kilo 80, sentimita moja. Archimède ndiye huyo.

Mbao na injini, tuseme kilo 2,400: sentimita 10. Magunia 60, kilo 4,800: sentimita 20. Watu 40 wa kilo 60: sentimita 10 zingine. Jumla 40. Kama ubavu wa balenyeri una sentimita 60, zinabaki 20 juu ya maji. Mwenye chombo anaona 20 anasema bado kuko nafasi, anaongeza magunia 30. Zinabaki 10. Chombo hakijazama, kinaelea vizuri kabisa, na kila mtu anatulia. Kisha boti kubwa ya kusukuma baji inapita na kuacha mawimbi ya sentimita 15.

Hesabu hii bado ni ya huruma. Balenyeri ya kweli ni nyembamba mbele na nyembamba chini kuliko sanduku, basi inashuka haraka zaidi ya hivyo. Tena haikuhesabu maji ya mvua na yale yanayopenya kati ya mbao: litri 240 zilizotuama chini ni sentimita nyingine, na litri hizo zinakimbilia upande ule chombo kinapolalia, zinakisukuma kilale zaidi.

Kuna jambo la pili, ambalo linaua kuliko lile la kwanza. Kila chombo kina kituo cha uzito, pale unapoweza kusema uzito wote umekusanyika. Magunia yakiwa chini na watu chini, kituo kiko chini, chombo kikilala kinarudi. Watu wakikaa juu ya magunia, kituo kinapanda. Mtu akipiga kelele upande mmoja, wote wakasimama kutazama, chombo kinalala na hakirudi. Wakaaji wa Kivu hawahitaji maelezo marefu: tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka ufukoni. Ilikuwa imebakiza mita mia kadhaa.

Neno dogo juu ya mafuta ya ngazi. Wanafunzi wengi wanaandika kwamba mafuta ni mazito kuliko maji, sababu yanamiminika polepole. Kumiminika polepole ni kunata, si uzito. Litri moja ya mafuta ya ngazi ni karibu gramu 900. Bido ya litri 20 iliyojazwa mafuta na kufungwa, ikianguka mtoni, inaelea, na wavuvi wanaookota bido hizo wanalijua hilo kuliko kitabu.

Kupanda na kushuka

Kisangani iko juu, Yanonge iko chini, basi balenyeri inayokwenda sokoni inapigana na maji. Mto huu hauna haraka, kati ya Kisangani na Kinshasa unashuka kwa wastani chini ya sentimita 10 kwa kilometa moja, lakini ni mkubwa, na maji yake yana nguvu. Tuseme injini inakimbiza chombo kilometa 10 kwa saa katika maji yaliyotulia, na mto unatembea kilometa 4 kwa saa. Kupanda: 10 kutoa 4, ni 6. Kilometa 60 zinachukua saa 10. Kushuka: 10 na 4, ni 14, na safari inakwisha kwa saa 4 na dakika 17.

Hapo liko swali ambalo mitihani inalipenda: mwendo wa wastani wa kwenda na kurudi ni ngapi? Wengi wanajumlisha 6 na 14, wanagawanya kwa mbili, wanaandika 10. Ni kosa. Kilometa 120 zimekwenda kwa saa 14 na dakika 17. Wastani ni karibu 8.4. Chombo kilikaa muda mrefu zaidi katika mwendo mbaya, ndiyo sababu mwendo mbaya unavuta wastani chini.

Injini nayo inakunywa kwa saa, haikunywi kwa kilometa. Kama ni litri 5 kwa saa, kupanda ni litri 50, kushuka litri 21 na kitu. Mwenye balenyeri anayetoza gunia la mchele la kupanda zaidi kuliko gunia la chumvi la kushuka si mtu mbaya. Anafanya fizike, hata kama hakuisoma. Tena anarudi mara nyingi na nafasi tupu, na nafasi tupu haina bei: afadhali achukue sabuni na chumvi kwa franga kidogo kuliko kubeba upepo.

Njiani mvua inatisha. Hapo kuko hesabu ya bure ambayo kila nahodha angepaswa kuijua. Mwanga wa radi unafika papo hapo. Sauti yake inatembea metre karibu 345 kwa sekunde katika joto letu. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa tatu, unapata kilometa. Sekunde tisa, radi iko kilometa tatu. Zikifika sita, kisha tatu, dhoruba inakuja na si wakati wa kubishana juu ya kuegesha.

Walokele waliitumia sauti vizuri kuliko wengi duniani. Ngoma yao ya mti uliochongwa ina midomo miwili, mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine ya chini, maana yake mtikisiko wa haraka na mtikisiko wa polepole. Kwa kuwa Kilokele chenyewe kinapanda na kushuka katika kila neno, ngoma inaiga mpandisho huo na watu wanasikia maneno. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefundisha Yakusu, kati ya Kisangani na Yanonge, alijifunza kuipiga na akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1949. Ujumbe uliopigwa kilometa 2 unasikika nyuma ya sekunde karibu 6. Redio ingeufikisha mbele ya ngoma kuacha kutikisika, juu mawimbi yake yanatembea kilometa 300,000 kwa sekunde.

Mama anarudi na franga kidogo

Sehemu hii ndiyo inayoumiza watu wengi, hata wale waliosoma Komersiale.

Mama mmoja wa mfano wetu anaondoka na franga 800,000. Ananunua magunia 10 kwa 600,000. Usafiri 50,000. Kodi na wabebaji 30,000. Chakula na kulala 20,000. Jumla 700,000. Kisangani anauza magunia 8 kwa franga mkononi, 640,000, na mawili anampa mteja wake wa siku zote kwa deni, 160,000, atalipa wiki ijayo. Anarudi Yanonge, anahesabu mbele ya bwana yake: 740,000. Aliondoka na 800,000. Nyumba inawaka: biashara imekula franga 60,000, mama aache.

Biashara haikula kitu. Mauzo ni 800,000, matumizi ni 700,000, faida ni 100,000. Franga za mkononi na faida ni vitu viwili. Ukiweka pamoja 740,000 za sanduku na 160,000 za mteja unapata 900,000, yaani zile 800,000 za mwanzo na faida ya 100,000. Hiyo ndiyo kazi ya bilani: upande mmoja vitu ulivyo navyo, upande wa pili vilikotoka. Pande mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kuko kitu hakikuandikwa.

Lakini bwana hakuwa mjinga kabisa. Kama mteja yule anakimbia, deni la 160,000 linakufa, faida ya 100,000 inageuka hasara ya 60,000, na yale maneno ya nyumbani yanakuwa kweli. Faida iliyo mikononi mwa mtu mwingine ni faida yenye miguu.

Kwenye daftari la shule, jambo hilo linaandikwa kwa debi na kredi. Wanafunzi wanateseka hapa juu wanawaza debi ni deni. Si deni. Debi ni mahali thamani inapofika, kredi ni mahali inapotoka. Mama anaponunua mchele: debi ya akaunti 60, manunuzi, 600,000, kredi ya akaunti 57, sanduku, 600,000. Anapouza: debi ya 57, 640,000, na debi ya 41, wateja, 160,000, kredi ya 70, mauzo, 800,000. Kila andiko lina miguu miwili ya urefu mmoja. Mfumo huo wa kuandika mara mbili Muitalia Luca Pacioli aliuchapisha katika kitabu mwaka 1494, na soko la Kisangani linaufuata kama soko la Venise.

Namba za akaunti ni za mfumo wa OHADA, ambao Congo iliingia tarehe 12 Septemba 2012, na ambao ulisahihishwa tangu mwaka 2018. Mwanafunzi anayesoma daftari la kaka aliyemaliza mbele ya hapo atakuta namba zingine zimebadilika. Klase 1 mpaka 5 ni za bilani: mtaji, mali za kudumu, stoki, watu wa nje, franga. Klase 6 ni matumizi, klase 7 ni mapato. Mfumo huo huo umeacha njia nyepesi kwa wafanyabiashara wadogo, daftari la kilichoingia na kilichotoka, na mama wa mchele angeweza kuanza nalo.

Tuendelee naye. Anatoa 50,000 katika sanduku analipa shule ya mtoto. Je, hayo ni matumizi ya biashara? Hapana. Mchele haukuhitaji shule. Ni franga ambazo mwenye biashara amejitolea mwenyewe, na zinapunguza mtaji wake, hazipunguzi faida. Asipoandika tofauti hiyo, mwisho wa mwaka atasema biashara haiendi, kumbe biashara inaenda na inasomesha watoto.

Mwalimu wa uchumi angeongeza swali moja ambalo mwenzake wa kontabilite haulizi. Safari ilichukua siku nne. Kama mama angebaki kijijini angepata, tuseme, 15,000 kwa siku katika kazi ingine. Siku nne ni 60,000 alizoziacha. Kontabilite inasema faida 100,000. Uchumi unasema 40,000, juu unahesabu hata kile ulichokiacha. Majibu yote mawili ni sawa, kila moja katika mtihani wake, na mwanafunzi anayechanganya mawili hayo anapoteza pointi katika yote mawili.

Mwenye balenyeri naye ana shimo lake. Alinunua injini dola 1,800, na anajua itafanya kazi miaka mitatu. Kila mwaka injini inapoteza 600 za thamani yake, kila mwezi 50. Hakuna mtu anayekuja kumdai hizo 50, ndiyo maana anazila. Mwaka wa tatu injini inakufa, na sanduku liko tupu, na yeye anaapa kwamba alikuwa akipata faida kila mwezi. Ile iliyomdanganya ndiyo «amortissement», akaunti 68 upande wa matumizi na 28 upande wa injini. Kuandika peke yake hakuleti injini mpya, lazima franga ziwekwe kweli. Lakini asiyeandika hawezi hata kujua ni ngapi za kuweka.

Tena injini inauzwa kwa dola, na wasafiri wanalipa franga. Wazee wanakumbuka mwezi wa kumi 1993, zaïre mpya moja ilipobadilishwa na zaïre za zamani milioni 3, na tarehe 30 Juni 1998, franga ya Congo ilipobadilishwa na zaïre mpya 100,000. Aliyekuwa ameweka akiba ya noti chini ya godoro alibaki na karatasi. Basi mwenye balenyeri anayeweka 50 za kila mwezi anaziweka kwa dola, ao anazigeuza bati na misumari. Na mama wa mchele, wiki ijayo akirudi kwa mteja wake, atataka 160,000 zake kwa siku ile ile waliyoagana.